SOMO LA AFYA: CHAKULA CHETU NA SARATANI YA MATITI

Ndugu Katibu, Ndugu Mwanachama,

Somo hili lisomwe kwa sauti katika mkutano wa chama cha msingi, kisha lijadiliwe. Njia hii si ngeni kwetu. Mwaka 1973, katika kampeni ya "Mtu ni Afya", watu wapatao milioni mbili nchini walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakashauriana na kutenda. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya "Chakula ni Uhai". Leo tunalo jambo jingine la kujifunza: saratani ya matiti, ambayo kwa wanawake wa Tanzania ni ya pili kwa wingi baada ya saratani ya shingo ya kizazi.

Pengine mtu atauliza, ushirika unahusika vipi? Katika mialo ya Kibirizi na Katonga, akina mama ndio waanikao dagaa. Ujiji na vijijini, wengi wao hukamua na kuuza mawese. Mama akilala kitandani, nyumba hutikisika na chama hupungukiwa. Aidha, tangu mwaka 1995 kanuni ya saba ya ushirika duniani inatutaka tuijali jamii yetu.

1. Ugonjwa huu huanzaje?

Mwili umejengwa kwa seli ndogo sana zinazogawanyika kwa utaratibu. Saratani ni seli zilizoasi utaratibu huo. Katika titi, homoni ya kike iitwayo estrojeni huzichochea seli zigawanyike. Kwa hiyo mambo yanayoizidisha mwilini kwa miaka mingi huongeza hatari. Umri na urithi wa ukoo navyo huchangia. Basi mwanamke mwembamba asiyeonja pombe, alaye mboga kila siku, anaweza kuugua. Asilaumiwe wala kusengenywa.

2. Mambo yaliyothibitika

(a) Unene. Mwanamke akikoma hedhi, mafuta ya mwili ndiyo huendelea kutengeneza estrojeni. Hivyo uzito uliozidi huongeza hatari katika umri huo.

(b) Pombe. Kila gramu 10 za alkoholi anazokunywa mwanamke kwa siku humwongezea hatari kwa kadiri ya asilimia 7, akilinganishwa na asiyekunywa. Chupa ya bia ya nusu lita yenye alkoholi ya asilimia 5 ina gramu 20 hivi. Pombe ya ndizi na gongo hazina msamaha. Alkoholi ni ile ile.

(c) Kunyonyesha. Mwaka 2002 wataalamu walikusanya tafiti 47 za nchi 30 na kuona kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari ya mama kwa asilimia 4.3. Huko Moshi nako, katika utafiti uliolinganisha wanawake 115 wenye saratani ya matiti na wengine 230 wasio nayo, kunyonyesha kwa muda mrefu kulionekana kuwa kinga. Desturi hii ya mama zetu isiachwe.

3. Mambo yanayosemwa bila uthibitisho

Wengine husema kwamba mawese huleta saratani ya matiti. Hilo halijathibitika. Mawese mekundu yana viini vya vitamini A, vyenye manufaa kwa macho ya watoto. Hata hivyo, kama mafuta mengine yote, hunenepesha yakizidi. Na karibu nusu yake ni mafuta ya aina inayoganda, ambayo si mema kwa moyo. Basi yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe.

Huko Marekani wanawake 48,835 waliokwisha koma hedhi walifuatiliwa kwa miaka 8 hivi, na baadhi yao wakafundishwa kupunguza mafuta katika chakula. Matokeo, yaliyotolewa mwaka 2006, yalionyesha tofauti ndogo tu ya saratani ya matiti, ambayo ingeweza kutokea kwa bahati. Kumbe chakula kimoja pekee si adui wala mwokozi.

Wengine husifu majani ya mstafeli kuwa ni dawa ya saratani. Hakuna uthibitisho kwamba yamemponya mgonjwa yeyote wa saratani ya matiti.

4. Sahani ya nyumbani

Ugali, maharage, kisamvu au matembele, dagaa au mgebuka, na tunda: hicho ni chakula chema, wala hakuna haja ya kukionea haya. Kinachofaa kupunguzwa ni soda, sukari, na vyakula vya kuzamishwa katika mafuta kila siku. Samaki wa kuchemsha au kuchoma anatosha.

5. Adui mkubwa ni kuchelewa

Ndugu zangu, hapa ndipo penye kiini cha somo. Chakula hupunguza hatari. Hakiondoi uvimbe uliokwisha kuota. Wagonjwa wengi nchini hufika hospitali ugonjwa umeenea, ilhali ukigunduliwa mapema unatibika. Dalili ni hizi: uvimbe titini au kwapani, hata usiouma, ngozi kuvutika ndani au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu kuingia ndani ghafla au kutoa damu.

Mama mwenye dalili asiseme, "Ngoja giza lipite, nimalize kuanika dagaa." Aende zahanati au kituo cha afya, aandikiwe rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, na ikibidi, Bugando iliyoko Mwanza au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa mwaka 2021, linataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60.

Lakini Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Nauli ndiyo huwarudisha wengi nyumbani, na hapo chama kina uwezo ambao mtu mmoja hana.

Maswali ya kujadili

1. Je, chama chetu kina mfuko wa dharura? Mwanachama mgonjwa anaweza kupata nauli ya rufaa kwa muda gani?
2. Je, mkutano ujao unaweza kufanyika wakati wa mbalamwezi, mitumbwi inapopumzika, na mwuguzi akaalikwa awafundishe akina mama kujichunguza?
3. Akina baba watasaidiaje ili mama asiogope kusema?

Katibu aandike maazimio katika kitabu cha mihutasari, na mkutano utakaofuata uulize kwanza: yametekelezwa?