Ziara ya Makaburi ya Mawalii: Somo kwa Anayefunga Safari



Huenda unakaa Ushongo, kusini mwa Pangani, na wazee wa nyumba yenu wametangaza ziara. Mtavuka Mto Pangani kutoka Bweni mwende Tongoni na Tanga. Au mtashuka kusini hadi Kaole na Bagamoyo. Penye makaburi ya masheikh na masharifu mtasimama, ubani utafukizwa, na haja zitatajwa. Pengine dada yako amekaa miaka mingi katika ndoa bila mtoto, na mama ameweka nadhiri kwa ajili yake. Nawe, uliyeingia katika Jumuiya karibuni au unayeichunguza bado, umesimama njia panda. Ukikataa kwenda, utaambiwa umefuata dini inayowadharau mawalii. Ukienda, wachelea kumshirikisha Mwenyezi Mungu. Somo hili ni kwa ajili yako. Hesabu ya aya tutakazozitaja yaanza na Bismillahi.

Je, kuzuru kaburi ni dhambi?

La, si dhambi. Mtume Muhammad s.a.w. hapo mwanzo aliwakataza Waislamu kuzuru makaburi, kwani walikuwa wametoka juzi tu katika ibada ya masanamu. Tauhidi ilipokwisha kukaa imara nyoyoni mwao aliwaruhusu, na sababu aliitaja mwenyewe: makaburi humkumbusha mtu Akhera. Naye alikuwa akienda Baqii, makaburi ya Madina, akiwatolea salamu waliolala humo na kuwaombea maghufira.

Angalia basi mpango wa ziara ya Kiislamu. Aliye hai humwombea aliyekufa. Aliyekufa ndiye mhitaji, kwa kuwa daftari la matendo yake limefungwa. Pale mpango huu unapogeuzwa, aliye hai akawa ndiye anayemwomba aliyekufa, jina la ziara limebaki lakini kitu chenyewe kimebadilika.

Mawalii wa kweli wapo

Asidhani mtu kwamba Waahmadiyya huwakanusha mawalii. Kurani Tukufu katika Sura Yunus, aya ya 63 na 64, yatueleza kwamba marafiki wa Mwenyezi Mungu hawana hofu wala huzuni, nao ni wale walioamini na kumcha. Sheikh Abdul Qadir Jilani wa Baghdad, aliyefariki mwaka 1166, twamhesabu miongoni mwa nyota za umati huu.

Pwani yetu nayo haikukosa watu wa namna hiyo. Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa alifika Unguja katika miaka ya 1880, na kwa juhudi zake na za wanafunzi wake njia ya Qadiriyya ikaenea Unguja na bara. Aliuawa mwaka 1909 huko Usomali. Bagamoyo alikuwako Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931. Huyu aliletwa pwani kutoka Kongo akiwa mtoto mtumwa. Alisoma, akafundisha, hata waungwana wakakaa mbele yake kupokea elimu. Anayetaka kuiona kwa macho maana ya Sura Hujurat, aya ya 14, kwamba aliye bora mbele ya Mungu ni yule amchaye zaidi, na ayatazame maisha ya mtu huyo.

Lakini hebu jiulize: Sheikh Ramiya aliupataje utukufu wake? Je, ni kwa kufunga vitambaa makaburini? Aliupata kwa elimu na ibada. Basi ampendaye na aifuate njia aliyoipita yeye.

Mawe yanasema nini?

Ukifika Tongoni, karibu kilometa 20 kusini mwa mji wa Tanga, utaona magofu ya msikiti na makaburi yapatayo 40, mengine yakiwa na nguzo, kazi ya karne ya 14 na ya 15. Katika nguzo hizo mafundi walipachika mabakuli ya Kichina. Leo mabakuli yameng’olewa yakabaki matundu, nguzo nyingi zimeanguka, na waliolala chini yake karibu wote hawajulikani kwa majina. Nabii Ibrahimu a.s. aliwaambia watu wake wayaulize masanamu yaliyovunjwa ni nani aliyeyavunja (Sura Anbiyaa, aya ya 64). Nasi, bila kuwavunjia heshima waliozikwa pale, twaweza kuuliza: kaburi lisiloweza kulinda bakuli lake, litawezaje kumlinda mtoto wako?

Kaole, karibu na Bagamoyo, lipo kaburi liitwalo la Sharifa, na watu hupeleka sadaka na haja zao huko. Sasa geuka kaskazini, uende katika mapango ya Amboni karibu na Tanga. Humo pia zimo sadaka za watu waliokuja kuomba uzazi, afya na riziki. Lakini Amboni hakuzikwa sharifu wala sheikh. Panaitwa mzimuni tu. Tafakari jambo hili vizuri, ndugu msomaji. Ikiwa sadaka zile zile, kwa haja zile zile, huwekwa kaburini na pangoni, basi desturi hii haikuletwa na Uislamu. Ni desturi kongwe iliyovishwa kanzu na kilemba.

Masahaba walifanyaje?

Zama za Khalifa Umar r.a. mvua ilikatika watu wakataabika. Kaburi la Mtume s.a.w. lilikuwa pale pale Madina, hatua chache kutoka waliposali. Kama pangekuwa na kaburi linalofaa kuombwa, hilo ndilo lingalitangulia. Lakini Hadithi ya Bukhari yatujulisha kwamba Umar alimchukua Abbas, ami yake Mtume, mtu aliye hai, ili amwombe Mungu pamoja na watu. Ni Umar huyo huyo aliyeliambia Jiwe Jeusi kwamba alijua ni jiwe tu, lisilodhuru wala kunufaisha, na kwamba alilibusu kwa kuwa tu alimwona Mtume akilibusu.

Na kwa habari ya mtoto, mkumbuke Nabii Zakaria a.s. Alikuwa mzee, na mkewe tasa. Aliishi katika nchi ile ile inayosemekana Nabii Ibrahimu a.s. alizikwa, wala hakumwomba Ibrahimu. Alimlilia Mola wake kwa siri, akapewa Yahya. Haya yamo mwanzoni mwa Sura Maryam. Msomee dada yako kisa hicho mkiwa njiani. Huenda kikamfaa kuliko nadhiri.

Sura Nahli, aya ya 21 na 22, yasema juu ya wale waombwao badala ya Mwenyezi Mungu kwamba ni wafu, hawajui hata watafufuliwa lini. Hoja hii hawaponi nayo wale wamwombao Nabii Isa a.s., naye ni miongoni mwa waliokwisha kufa.

Mfano wa Masihi Aliyeahidiwa

Oktoba 1905 Seyidna Ahmad a.s. alisafiri kwenda Delhi, mji wenye makaburi mengi ya mawalii. Hakuyapita kwa dharau. Alizuru makaburi ya Khwaja Baqi Billah, Khwaja Mir Dard, Shah Waliullah, Nizamuddin Auliya na Qutbuddin Bakhtiyar Kaki, akafanya dua. Lakini huyu ndiye aliyeweka sharti la kwanza la baiati, katika tangazo lake la Januari 1889, kwamba mwenye kuingia aahidi kujiepusha na shirki mpaka siku atakapoingizwa kaburini. Kwake heshima kwa mawalii na tauhidi havikugombana.

Jinsi ya kuipanga safari

Kwanza, tengeneza nia. Mtume s.a.w. ametufundisha tusifunge safari kwa kutafuta ubora wa mahali ila kwa misikiti mitatu: wa Makka, wa Madina na wa Yerusalemu. Basi safari yako iwe ya kuunga udugu, kujifunza historia na kukumbuka mauti, wala usiifanye Hija ndogo.

Pili, kabla ya kuondoka, soma habari za kila utakayemzuru: alifundisha nini, aliwatumikia nani. Asiyejua habari za walii atazuru mawe tu.

Tatu, ukifika, toa salamu, elekea Kibla, umwombee maiti maghufira. Usisujudu, usizunguke kaburi, usifunge kitambaa, wala usiuchukue udongo wake kuwa dawa.

Nne, mama akiweka sadaka juu ya kaburi, usimkemee mbele za watu. Kurani Tukufu, katika Sura Luqman, imetuamuru tusiwatii wazazi katika shirki, na papo hapo ikatuamuru tukae nao kwa wema. Mweleze baadaye, kwa upole, kwamba sadaka ile ingefika kwa Mungu upesi zaidi kama angepewa yatima wa kijijini.

Tano, kila usiku wa safari amka kwa Tahajudi. Katika Sura Bakara, aya ya 187, Mwenyezi Mungu ametangaza kwamba Yeye yu karibu na humjibu amwombaye. Hakutaja Tongoni wala Bagamoyo. Aliye Ushongo, juu ya mchanga wa pwani, yu karibu naye sawasawa na aliye Baghdad.

Mungu aliyewasikia mawalii hajafa wala hajanyamaza. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwapenda waja Wake wema, kuwaombea wazee wetu waliotangulia, na kumwomba Yeye peke Yake. Amin.