SOMO: MCHUZI WA NDIMU NA MAFUTA KWA MBOGA MBICHI

Fungu la kusoma: Ruthu 2:14

Ndugu mpendwa, katika fungu hili tunasoma jinsi Boazi alivyomwita Ruthu, mjane mgeni, ale pamoja na wavunaji na kuchovya mkate wake katika siki. Ruthu alikula, akashiba, na kingine kikabaki. Basi tangu zamani watu walitumia kitu kikali kidogo ili chakula kipendeze kinywani.

Leo tunajifunza kutengeneza mchuzi wa namna hiyo kwa saladi. Lakini kwanza shika neno hili: mchuzi unasaidia mwili, lakini hauoshi mboga. Wengi wanadhani ndimu inaua kila kijidudu. Sivyo. Mayai ya minyoo yanashikamana na jani, wala ndimu haiyaui. Mtoto akiyameza, minyoo inakua tumboni na kula chakula chake. Ikiwa mingi sana inaweza kuziba matumbo, hata mtoto apasuliwe. Vijidudu vya tifoide na vya kuhara damu vinapita njia hiyohiyo.

KWANZA: OSHA VEMA

1. Nawa mikono kwa sabuni. Osha pia kisu, ubao na bakuli.
2. Chemsha maji mpaka yatokote sana kwa dakika 3. Yafunike, yaache yapoe. Hayo ndiyo maji ya kuoshea.
3. Kabichi: tupa majani ya nje. Osha yaliyobaki moja moja, ukiyasugua kwa vidole, kisha suuza tena kwa maji mengine.
4. Karoti: osha, kwangua ngozi, osha tena.
5. Nyanya: chagua zisizopasuka. Osha, kisha zitie katika maji yanayotokota kwa dakika 1 na kuzimenya.

Kama bustani ilitiwa mavi ya watu, au ilinyweshwa maji ya mtaro, usile mboga zake mbichi. Zipike. Na sombe usitie katika saladi kamwe, kwa maana majani ya muhogo mabichi yana sumu. Sombe hutwangwa na kupikwa muda mrefu.

PILI: TENGENEZA MCHUZI

Kwa bakuli moja la saladi, twaa:

Mafuta, vijiko vikubwa 3
Maji ya ndimu, kijiko kikubwa 1
Chumvi, robo ya kijiko kidogo
Kitunguu kidogo kilichomenywa, kuoshwa na kukatwa vipande vidogo sana

Tia vyote katika chupa safi yenye kifuniko. Usitumie chupa iliyokuwa na petroli au dawa ya shamba. Tikisa kwa nguvu. Mafuta na ndimu havipendi kukaa pamoja, vinaachana upesi; kwa hiyo tikisa tena kabla ya kumimina. Mimina wakati wa kula tu, kwa sababu chumvi inatoa maji katika majani, nayo yanalegea. Tengeneza ya kutosha chakula kimoja, usiweke ya kesho.

Mafuta ya karanga ni mazuri. Mafuta mekundu ya mawese, ambayo wengine huita mafuta ya ngazi, ni mazuri zaidi kwa macho. Yakiganda, simamisha chupa katika maji ya moto mpaka yayeyuke. Usiyachome mpaka yawe meupe, maana wekundu ule ndio wenye faida, na moto mkali unauharibu. Mafuta yenye harufu ya kuoza usiyatumie. Wala usitie yai bichi. Katika joto letu vijidudu vyake vinaongezeka upesi.

KWA NINI MAFUTA NA NDIMU?

Karoti na mafuta mekundu yana kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Kitu hicho kinahitaji mafuta ili kiingie mwilini. Ukila karoti bila mafuta yoyote, sehemu kubwa inapita bure. Mtoto aliyekosa vitamini A haoni vizuri jioni: anajikwaa, anapapasa akitafuta sahani yake. Ukiona hivyo, usingoje saladi imponye. Mlete hospitalini upesi, kwa maana asipotibiwa anaweza kupofuka kabisa.

Ndimu ina vitamini C. Inasaidia chuma kilichomo katika maharagwe na majani kiingie mwilini, nacho chuma kinatengeneza damu. Vitamini hiyo inaharibiwa na moto. Kwa hiyo hata juu ya maharagwe, kamulia ndimu baada ya kuepua chungu.

NANI ANGOJE?

Mtoto mchanga asiyetimiza miezi 6 apewe maziwa ya mama tu. Mgonjwa wa kuhara ale vilivyopikwa. Kipindupindu kikiingia mjini au kijijini, watu wote waache mboga mbichi mpaka kiishe. Mwenye ugonjwa wa kupanda kwa damu asitiwe chumvi. Ndimu na kitunguu vinatosha kuleta utamu.

NENO LA MWISHO

Boazi hakumwachia Ruthu makombo. Alimwita karibu, akampa mpaka akashiba. Katika nyumba nyingi baba anakula kwanza, na watoto wanapata kilichobaki chini ya bakuli. Baba, mtoto mdogo ndiye anayehitaji karoti na mafuta kuliko wewe. Mwite karibu, umgawie yeye kwanza. Tendo hilo pia ni kumtumikia Bwana.

MASWALI

1. Je, ndimu inaua mayai ya minyoo? Tufanye nini basi?
2. Kwa nini tunatia mafuta katika saladi ya karoti?
3. Ni majani gani yasiyoliwa mabichi kamwe?
4. Mtoto asiyeona vizuri jioni apelekwe wapi?
5. Nyumbani mwako, nani anagawiwa chakula mwisho?