Stempu za Babu

SWALI: Babu ametuachia bahasha kuukuu zenye stempu za mfalme na maneno Kenya, Uganda, Tanganyika. Mimi na binamu yangu tungependa kuzikusanya. Tuanzie wapi?
Msomaji, Soy

JIBU: Kwanza, nawasihi msizibandue! Bahasha nzima yenye muhuri wa posta hueleza mengi kuliko stempu pekee. Someni jina lililo kwenye muhuri. Mkiona Hoey's Bridge, hapo ni jirani zenu wa Moi's Bridge kabla ya jina kubadilishwa.

Kisha tazameni uso wa mfalme. Mwenye ndevu ni George wa Tano, katika toleo la 1935. Asiye na ndevu ni George wa Sita, aliyetawala kuanzia Desemba 1936. Picha nyingi, kama ile ya mtumbwi wa tanga Ziwa Victoria, zilitumika kwa wote wawili, kwa hiyo msihukumu kwa mandhari.

Hesabuni pia meno ya ukingoni, ni mangapi kwa kila sentimita 2. Stempu za George wa Sita zinazofanana kabisa hutofautiana hapo, na wakati mwingine bei hupishana sana. Mmoja ahesabu, mwenzake aandike daftarini. Stempu iliyokwisha kubanduka ishikeni kwa kibano, kamwe si kwa vidole.