Jokofu Kuukuu: Litengenezwe au Libadilishwe?

Katika nyumba nyingi za Ngamiani na Chumbageni mjini Tanga, jokofu ni chombo cha kazi. Ndani yake hugandishwa barafu ya kuuza, na humo huhifadhiwa samaki waliobaki sokoni. Linapozeeka, mwenyewe hukabiliwa na swali gumu: amwite fundi tena, au akusanye fedha anunue jingine? Wengi hujibu kwa kukisia. Hata hivyo, swali hilo laweza kujibiwa kwa vipimo na hesabu ambazo mwanafunzi wa sekondari anazimudu.

Jinsi jokofu linavyofanya kazi

Jokofu halitengenezi baridi, huhamisha joto. Kompresa huishindilia gesi maalumu, nayo hupata moto na kupelekwa katika mabomba ya nyuma, ambako hutoa joto lake hewani na kuwa kimiminika. Kimiminika hicho hupita katika bomba jembamba mno, shinikizo lake likashuka ghafla, kikageuka mvuke ndani ya mabomba ya friza. Ili kugeuka mvuke hakina budi kufyonza joto, na joto hilo hutoka katika vyakula. Kisha mzunguko huanza upya.

Izingatiwe kwamba gesi hiyo haitumiki ikaisha kama mafuta ya taa katika jiko. Ikipungua, pana tundu. Kuijaza upya pasipo kuziba tundu ni kutia maji katika pakacha.

Adha ya pwani

Kiasi cha joto kinachopenya katika kuta za jokofu hulingana na tofauti ya halijoto ya nje na ya ndani. Ikiwa ndani ni nyuzi 4 za Selsiasi, na chumba cha Lushoto ni nyuzi 20, tofauti ni 16. Katika chumba cha Tanga chenye nyuzi 30, tofauti ni 26. Basi jokofu lilelile hupenyewa na joto zaidi ya mara moja na nusu likiwa Tanga.

Tena, upepo wa bahari huleta chembe za chumvi. Chumvi hunasa unyevu, na unyevu huharakisha kutu katika mabomba ya chuma, mpaka yakatoboka. Vumbi likiyafunika mabomba ya nyuma, au jokofu likibanwa ukutani, joto hukosa njia ya kutoka.

Kupima na kukokotoa

Nyumba yenye mita ya Luku ina kipimo tayari. Usiku vizimwe vyombo vyote isipokuwa jokofu, zisomwe uniti saa 4, kisha zisomwe tena saa 10 alfajiri. Tofauti ya saa hizo 6 izidishwe kwa 4. Kwa kuwa mchana huwa na joto zaidi, jibu litakuwa pungufu kidogo ya matumizi halisi.

Na uchukuliwe mfano wa jokofu linalotumia uniti 2.4 kwa siku, ambapo jipya la shilingi 900,000 hutumia uniti 0.9, na bei ya uniti ni shilingi 350.

Hali ya kwanza: kompresa imechoka. Matengenezo ni shilingi 150,000, na matumizi hayapungui. Jipya litaokoa uniti 1.5 kwa siku, yaani takriban shilingi 191,600 kwa mwaka. Nyongeza ya gharama, shilingi 750,000, itarudi katika miaka ipatayo 4. Ikiwa jokofu kuukuu halitarajiwi kudumu miaka hiyo, libadilishwe.

Hali ya pili: mpira wa mlango umelegea. Mpira mpya ni shilingi 30,000, na matumizi hushuka hadi uniti 1.5. Sasa jipya litaokoa uniti 0.6 tu, yaani shilingi 76,650 kwa mwaka. Nyongeza ya shilingi 870,000 itarudi baada ya miaka 11 na zaidi. Hapa litengenezwe.

Jokofu ni moja, hukumu ni mbili. Umri peke yake hautoshi kuamua. Kwanza ijulikane hitilafu.

Gesi na anga

Kibandiko cha nyuma huonyesha aina ya gesi. Majokofu mengi yaliyotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1990 yalitumia R-12. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza kwamba klorini ya gesi za namna hiyo huharibu tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ulifuatia, na nchi zinazoendelea ziliacha kuzitumia ilipofika mwaka 2010. Jokofu la R-12 lililotoboka halifai kujazwa tena, wala gesi yake isiachiwe hewani.

R-134a haiharibu ozoni, lakini kilo yake moja hupasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 ya kilo moja ya kaboni dayoksaidi. R-600a haina madhara hayo makubwa, ila huwaka. Fundi asichomelee bomba ambalo bado lina gesi hiyo.

Maswali

1. Kwa nini kuacha mlango wa jokofu wazi hakupozi chumba kilichofungwa?
2. Rudia hesabu ya hali ya kwanza kwa bei ya uniti ya shilingi 250. Je, uamuzi unabadilika?
3. Pima jokofu la nyumbani kabla na baada ya kusafisha mabomba ya nyuma, kisha ulinganishe.