SOMO LA VYAMA VYA MSINGI: MIZANI NA DAFTARI

Shabaha ya somo hili ni kueleza nafasi ya vyombo vinavyoundwa na wananchi wenyewe katika maendeleo ya vijijini. Mfano wetu ni wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, Tanzania.

1. Chanzo
Zamani mizani ya pamba ilikuwa mkononi mwa mnunuzi, na wakulima walilalamika kwamba walipunjwa. Mapema katika miaka ya 1950, Paul Bomani na wenzake waliwahamasisha wakulima waunde vyama vyao vya kupima na kuuza pamba. Mwaka 1955 vyama hivyo viliungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Baadaye shirikisho hilo likamiliki vinu vya kuchambulia pamba. Ndugu msomaji, zingatia mpango huo: mizani kwanza, vinu baadaye. Chama kilianzia kwenye haja iliyomgusa kila mwanachama.

2. Kuyumba
Ukubwa ulileta matatizo. Mwaka 1966 Kamati Maalumu ya Rais ilichunguza ushirika nchini. Miongoni mwa kasoro ilizozitaja ni wanachama kutokielewa chama chao, uhaba wa watumishi wenye ujuzi, upungufu wa demokrasia katika vyama vikuu, na kuingiliwa na wanasiasa. Mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu. Uamuzi huo haukutoka katika mikutano mikuu ya wanachama. Sheria ya mwaka 1982 ndiyo iliyovirudisha.

3. Funzo
Mkulima aliyeshinda vita ya mizani anaweza kushindwa katika vita ya daftari. Akipunjwa kwenye mizani huona kwa macho. Akipunjwa kwenye hesabu asizosomewa hajui. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo Katibu hana budi:
(a) kumpa kila mwanachama stakabadhi ya mazao yake;
(b) kusoma mapato na matumizi mkutanoni, kwa lugha inayoeleweka;
(c) kuijaribu mizani mbele ya wanachama kabla ya msimu.
Mwanachama naye hana budi kuhudhuria, kuuliza, na kutoridhika mpaka ajibiwe.

Maswali ya kujadili
1. Haja gani iliwafanya wazee wetu waunde chama hiki? Je, bado inatimizwa?
2. Ni wanachama wangapi kati yetu wanaoweza kueleza makato ya msimu uliopita?