Faini Isiyolipwa: Sheria Yasemaje?

Mara nyingi katika korti za Kenya husikika hukumu ya namna hii: utalipa faini ya shilingi 12,000, au utafungwa miezi 3. Wengi wakisikia neno hilo "au" hudhani kwamba hakimu amewawekea vitu viwili mbele yao wachague, kama mtu achaguavyo kitambaa dukani. Sivyo. Adhabu iliyotolewa ni faini. Kifungo kimewekwa nyuma yake ili asiyelipa asiende zake bure. Asiyeifahamu tofauti hiyo aweza kukaa gerezani siku nyingi ambazo angeweza kuzipunguza.

Sheria yenyewe imo katika Kanuni ya Adhabu, iliyoanza kutumika nchini mwaka 1930 na ambayo imerekebishwa mara kadhaa tangu hapo. Kifungu cha 28 chaweka mpaka wa kifungo hicho, na hakimu hawezi kuuvuka, isipokuwa sheria ya kosa lenyewe imeeleza vingine. Faini isiyozidi shilingi 500, kifungo chake hakipiti siku 14. Ikizidi hapo hadi shilingi 2,500 ni mwezi 1. Hadi shilingi 15,000 ni miezi 3. Hadi shilingi 50,000 ni miezi 6. Faini ipitayo shilingi 50,000, hata iwe kubwa namna gani, kifungo chake ni miezi 12 basi. Tena, mtu akihukumiwa kifungo pamoja na faini, kisha asiilipe faini, siku za faini huongezwa juu ya zile za kifungo cha kwanza.

Kufungwa siyo njia pekee. Korti yaweza pia kutoa hati ya kukamata mali ya mkosaji na kuiuza kwa mnada, ng'ombe, baiskeli, hata ardhi, mpaka faini ipatikane. Hapa ndipo majirani hugombana, maana katika boma moja huenda ng'ombe watatu ni wa mkosaji na wawili ni wa ndugu yake. Ndugu huyo asipigane na waliotumwa kukamata mali. Aiandikie korti upesi, aeleze kwamba mali hiyo ni yake, naye atasikilizwa. Lakini mtu aliyekwisha kukitumikia kifungo chote cha faini, korti haitoi hati ya kuuza mali yake tena, ila kwa sababu maalum ambazo ni lazima ziandikwe.

Sasa twafika kwenye jambo ambalo watu wachache hulijua. Kifungo cha faini hukoma siku ile faini ilipwapo. Mkewe au mjomba wake akileta fedha zote baada ya wiki mbili, pamoja na gharama kama zipo, mkuu wa gereza hana budi kumfungua, ila akiwa ana shauri jingine linalomzuia. Je, fedha zisipotosha? Hata hivyo si kazi bure. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai yasema kwamba alipaye sehemu ya faini hupunguziwa siku kwa kadiri ya alicholipa.

Tuchukue ile faini ya shilingi 12,000, na tuseme kifungo chake ni siku 90. Jamaa wameuza mbuzi wakapata shilingi 4,000. Hiyo ni theluthi moja ya faini. Basi theluthi moja ya kifungo, yaani siku 30, huondolewa, na zabaki 60. Kama amekwisha kukaa siku 20, bado 40 tu. Lakini hesabu hiyo haijifanyi yenyewe. Mfungwa amwambie mkuu wa gereza kwamba ataka kulipa sehemu, naye atampeleka mbele ya korti mara moja, na korti ndiyo itakayothibitisha siku zilizopunguzwa. Anyamazaye hukaa siku zote 90, na mbuzi zake zikila majani nyumbani.

Asiye na fedha siku ya hukumu naye aseme pale pale, kwa adabu, kabla hajatolewa kortini. Hakimu aweza kumwachilia kwa muda mfupi, kwa hati ya ahadi na pengine mdhamini, akazitafute. Na tangu Sheria ya Amri za Huduma kwa Jamii ya mwaka 1998, kwa makosa yasiyo makubwa korti yaweza kumwamuru mtu afanye kazi ya umma bila mshahara badala ya kumtia gerezani. Aonaye kwamba hukumu ni nzito mno aweza kukata rufani, na siku za kufanya hivyo ni 14.

Neno moja zaidi, kwa kuwa wengi huchanganya: fedha za dhamana hurudishwa mshtakiwa akihudhuria kesi yake mpaka mwisho, lakini faini hairudishwi, ila hukumu ikitenguliwa kwa rufani. Kwa hiyo aliyeweka dhamana asidhani kuwa amekwisha kulipa faini. Kila malipo yawe na risiti ya serikali yenye nambari ya kesi, na risiti hiyo itunzwe. Mtu yeyote apokeaye fedha za faini njiani au mlangoni pa korti bila kutoa risiti, fedha hizo hazihesabiwi.