Je, Serikali ya Kigeni Yaweza Kushtakiwa Kenya?

Kaskazini-magharibi ya Timau viko vilima vya Lolldaiga, ambako askari wa Uingereza wamefanya mazoezi ya vita kwa miaka mingi. Mwezi wa Machi 2021 moto ulizuka huko wakati wa mazoezi, ukateketeza maelfu ya eka. Wakazi wa jirani walidai kwamba moshi uliwadhuru na mali yao iliharibika, wakapeleka kesi Nanyuki.

Kabla ya kuuliza ni nani aliyeleta hasara, ilibidi swali jingine lijibiwe: Je, mahakama ya Kenya ina mamlaka juu ya Serikali ya Uingereza?

Kwa desturi ya mataifa, nchi huru zote ni sawa, wala hakuna iliyo hakimu wa mwenzake. Kwa hiyo serikali ya kigeni ina kinga ya kutoshtakiwa. Lakini kinga hiyo ina mipaka miwili.

Mpaka wa kwanza ni aina ya tendo. Serikali ikifanya biashara kama mtu mwingine yeyote, yaweza kushtakiwa. Bali ikifanya kazi ya kiserikali, kama kuongoza jeshi, inalindwa. Ndiyo sababu mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Kenya ilikataa dai la Joel Ndegwa juu ya Wizara ya Ulinzi ya Uingereza, lililotokana na ajali ya gari la jeshi.

Mpaka wa pili ni hiari. Kinga ni mali ya serikali yenyewe, nayo yaweza kuiacha kwa mkataba. Mwezi wa Machi 2022 Jaji Antonina Kossy Bor aliamua Nanyuki kwamba Uingereza ilikuwa imeiacha kinga yake kwa mkataba wa ulinzi kati yake na Kenya. Nayo Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 2(6), husema kwamba mkataba uliothibitishwa ni sehemu ya sheria za Kenya.

Hata hivyo, kusikilizwa si kushinda. Mwaka 2025 Uingereza ililipa pauni milioni 2.9 kwa watu 7,723 kwa mapatano, si kwa hukumu. Zikigawanywa sawasawa, ni kama pauni 375 kila mtu.

Basi mwenye dai juu ya serikali ya kigeni yampasa kuuliza mambo mawili kwanza: tendo lenyewe lilikuwa la namna gani, na mkataba wasemaje.